Bolti ya Pampu ya Maalim Saidi

Kuna Alhamisi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko Idi nyingi nilizosali. Wakati huo mikono yangu ilikuwa na nguvu na kichwa changu kilikuwa chepesi, na nilikuwa nikifanya kazi chini ya Fundi Athmani, katika gereji yake pale Tudor, upande wa kushukia baharini. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu injini. Alinichukua sijui hata kutofautisha nati na bolti, akanivumilia, na mtu aliyekuvumilia ukiwa mjinga humsahau.

Miaka ile mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Si sana. Kikombe cha kahawa kiligongagonga kisahani kabla hajakiinua, na spana ilimteleza mara kwa mara. Sote tuliona, na hakuna aliyesema. Unatujua watu wa hapa, kwa kusitiriana hatuna mpinzani; mtu aweza kutoka na kanzu iliyochanika mgongoni, akauzunguka mtaa wote wa Kibokoni, asipate wa kumwambia. Wateja nao wakawa wananivizia pembeni na kuniomba, kwa sauti ya chini, gari zao nizishike mimi. Nilikuwa nikiwajibu kwa kucheka, kisha nazishika Fundi akiwa hayupo.

Siku hiyo alikuja Maalim Saidi, mwalimu wa madrasa huko Kibokoni, na gari lake dogo la kubebea wanafunzi. Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Kazi nyepesi, ungesema, isipokuwa gari linaloishi karibu na bahari halina kazi nyepesi. Chumvi huingia hata pale ambapo uchafu umeshindwa kufika. Bolti zote za pampu zilifunguka kwa adabu, ikabaki moja ya chini, imegandana na chuma. Bolti ya namna hiyo ukiilazimisha hukatika, kipande kikabaki ndani, na hapo injini nzima ishushwe, itobolewe, na wanafunzi wa Maalim waende kwa miguu mpaka ipone.

Fundi hakuwa mtu wa kulazimisha. Aliisugua kutu kwa brashi ya waya, akaimiminia mafuta, akaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu, kisha akatuamuru tuiache twende tukasali adhuhuri. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Bolti sugu iliachiwa mafuta wakati wa sala, yafanye kazi nasi hatupo. Alikuwa akisema kwamba bolti nyingi zilizokatika Mombasa zilikatwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda kula.

Tuliporudi akashika spana mwenyewe. Maalim alikuwa amesimama karibu, anatazama. Fundi akavuta, spana ikateleza, akagonga vidole kwenye chuma. Akavuta tena, ikateleza tena, damu ikamtoka. Nikamwona Maalim akinitupia jicho. Nilijua maana yake, na naamini Fundi pia aliliona jicho lile. Akafuta damu kwa kitambaa, akanipa spana bila kunitazama.

Nikafanya kama alivyonifundisha. Bolti iliyoganda huanzi kwa kuifungua. Unaanza kwa kuikaza, kidogo tu, kana kwamba umekubaliana nayo, ndipo unairudisha. Nikaikaza kiasi cha unywele, nikairudisha, na nikahisi kitu mkononi. Ikatoa mlio mdogo sana, kama mtu akialisha kidole kikalia. Kutu ilikuwa imeachia. Kilichobaki angeweza kukimaliza yeyote.

Hapo nikautazama uso wa Fundi. Nilimpenda mzee yule. Nikaona kwamba nikiizungusha mara moja tu, mbele ya Maalim, basi jioni hiyo hiyo barazani Kibokoni watasema Fundi Athmani amekwisha. Nikaiachia spana, nikajifanya nahema, nikasema imenishinda, jaribu wewe Fundi.

Akaishika, akazungusha, ikafunguka. Maalim akafurahi, akamwombea dua, akamwambia vijana wana nguvu lakini ufundi ni wake yeye. Nami nikacheka naye, nikajiona mtu mwema kweli kweli. Fundi hakucheka. Tukaweka pampu mpya, na kila bolti alinipa mimi nikaze, hata zile zilizokuwa karibu naye.

Maalim alipoondoka na gari lake, Fundi akakaa juu ya gurudumu kuukuu, akaniita.

"Ile bolti ilipoachia mkononi mwako, naliisikia," akasema. "Mato yangu mabovu, na mikono ndiyo hii. Masikio bado."

Nikaanza kumwomba radhi, akanikataza.

"Najua hukunikusudia ubaya. Wewe wanionea huruma. Lakini sikiza. Mimi nikiamini kwamba ile bolti nimeifungua mimi, kesho n'takaza magurudumu ya lile gari la watoto, nikwambie yamekazika. Nawe utanyamaza, kwa heshima. Gurudumu likitoka njiani na watoto wamo ndani, tutawaambia nini wazee wao?"

Hakuwa amepaza sauti. Afadhali angenipiga. Kisha akaongea kama mtu anayeomba.

"Nyote mwaona, na hapana aniambiaye. Nimekuwa mgeni ndani ya gereji yangu mwenyewe."

Nililia, wala sioni haya kukwambia. Ndipo nikamweleza yote: kisahani, wateja wanaoninong'oneza, gari nilizozishika akiwa hayupo. Alinisikiliza hadi mwisho. Asubuhi yake alitoa kiti, akakiweka kando ya mlango, na kila mteja aliyekuja, Fundi mwenyewe alimwambia kwa kinywa chake kwamba mikono sasa ni ya kijana, masikio ni ya Fundi. Akakaa kwenye kiti kile miaka, akisikiliza injini na kututajia ugonjwa wake kabla hatujafungua boneti. Hakuna mteja aliyemwacha. Nadhani wengine walikuja kwa kupenda maneno yake tu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mpende mzee wako, mstahi, msitiri mbele za watu. Huo ni wajibu wako. Lakini mkiwa wawili, mwambie kweli. Mwambie kwa upole, umkubalie kidogo kwanza kabla ya kumrudisha, ila mwambie. Ukimficha humlindi yeye, unajilinda wewe usiuone uso wake akisikia. Na mzee si mjinga. Anakuona unavyonyamaza, na kunyamaza kwako kunamuuma kuliko neno lolote.

Nina sababu ya kuyasema haya leo. Nimekuona. Nikienda kusali alasiri, unashika spana na kuzipitia bolti zote nilizozikaza mimi, moja moja, kisha unairudisha spana pale pale nilipoiacha. Juzi nilisahau tasbihi, nikarudi, nikakutazama kutoka mlangoni. Kuna moja uliizungusha sana kabla haijakazika. Sikukasirika. Nilikwenda msikitini nikakuombea, kwa sababu ulifanya kwa mapenzi, na kwa sababu ulifanya kazi yangu vizuri. Lakini kesho usingoje niondoke. Kaza nikiwa nimesimama hapo, na ile iliyolegea nioneshe.

Mola akuweke, akupe riziki ya halali na mikono imara kwa miaka mingi. Na siku mikono hiyo itakapoanza kutetemeka, akujaalie mtu anayekupenda kiasi cha kukwambia.