Mtoto Aliyeletwa Mambrui

Kaka yangu alirudi kutoka Maskati, Omani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, bila kutuarifu, akiwa na sanduku moja na binti yake wa miaka mitano. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nikiishi na mama yetu kijijini Mambrui. Mama alimkumbatia mjukuu wake, kisha akauliza, "Na mamake yuko wapi?"

"Tumeachana," kaka akajibu. "Amekubali nimlee mimi."

Mama akalishika sanduku, akaliingiza ndani. Mtoto tulimpenda mara moja. Mamake alikuwa Mwarabu wa Unguja aliyehamia Maskati, kwa hiyo Kiswahili mtoto alikijua, ila alikisema kwa lafudhi iliyowachekesha watoto wa jirani. Alilala nami kitanda kimoja. Lakini kila alasiri alivaa viatu vyake, akakaa kibarazani. Ukimuuliza, alikwambia anangoja kurudi kwao. Kaka alimvua viatu na kumwambia, "Kesho, mwanangu." Ile kesho ilinikaa vibaya moyoni, lakini yeye ni mkubwa wangu.

Miezi ikapita. Siku moja mchana tulikuwa tunamenya mbaazi uani, mama nami, tukasikia hodi. Aliingia mwanamke amevaa buibui lenye vumbi la safari, midomo imemkauka. Alimwamkia mama, akampa mkono wa heshima. Akasema, "Mimi ndiye mamake mtoto."

Mama aliuacha ungo ukadondoka. Nilimletea mgeni maji. Akayashika tu, hakunywa. Alitueleza kwamba talaka ilikuwa kweli, lakini mtoto alikuwa akikaa kwake. Kazi ya kaka ilipokwisha na ruhusa yake ya kuishi kule kukatwa, alikuja kumchukua binti yake wakatembee ufukweni. Hawakurudi. Jina la Mambrui alilijua kwa sababu kaka hakuchoka kulitaja walipokuwa wakiishi pamoja.

Mtoto alirudi kutoka chuoni, juzuu ya Kurani kifuani. Alipomwona mamake hakukimbia. Alisimama mlangoni, akamtazama sana, halafu akauliza taratibu, "Si baba alisema hunitaki tena?"

Yule mwanamke alipiga magoti palepale mchangani. Sikumbuki alijibu nini. Nakumbuka mama yangu alijifunika uso kwa ncha ya leso yake.

Kaka aliporudi kutoka msikitini, alimkuta mkewe wa zamani ameketi mkekani, mtoto amelala mapajani mwake. Alibaki amesimama na kofia mkononi.

"Haendi popote," akasema. "Huku ndiko kwao pia. Akichukuliwa, mimi nitamwona wapi? Kule siruhusiwi hata kuingia."

"Ungeniambia," mwanamke akamjibu. "Ningemleta mwenyewe."

"Ungemleta?"

"Hukuniuliza."

Mama akasema kesho yake tutakwenda Malindi kwa kadhi, sote.

Kadhi alikuwa mzee mpole asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza kila mmoja, kisha akamgeukia kaka. "Ulimuaga mamake mtoto?"

"Sikumuaga, sheikh."

"Basi umemdhulumu, na mtoto umemdhulumu zaidi." Akasema mtoto wa umri ule malezi yake ni ya mama, maadamu hajaolewa na mume mwingine, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo. Lakini baba naye ana haki ya kumwona, na mama asiizuie. Yule mwanamke akaapa mbele yetu kwamba atamleta.

Tuliporudi nyumbani, kaka akasema pasipoti ya mtoto imepotea. Tulijua haijapotea. Mama hakumgombeza. Alikaa karibu naye kitandani, akamwambia, "Na mimi nampenda. Akiondoka nyumba hii itanishinda kuikaa. Lakini ningalinyang'anywa wewe ukiwa mdogo hivi, nisingaliishi, mwanangu."

Kaka alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata babetu alipofariki. Asubuhi aliileta pasipoti mwenyewe, akampa mwanamke mkononi, akamwomba radhi. Yeye akaipokea, akasema, "Kukusamehe bado. Lakini nimekusikia."

Mama alimsuka mjukuu wake nywele polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza. Kaka aliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Mombasa, nami nikaenda naye. Alimbeba mtoto mpaka pale wasindikizaji wanapozuiwa, akamwambia ukweli wote: kwamba mamake hakumkataa hata siku moja, kwamba uwongo ule ulikuwa wake. Mtoto alimsikiliza, akamfuta jasho usoni kwa kiganja.

Mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, wifi yangu alimleta, kama alivyoapa. Walikaa kwetu mfungo mzima wa Ramadhani, na wifi akalala chumba kimoja na mama yangu. Kaka wakati huo alikuwa amepata kazi katika hoteli moja ya Malindi. Kila jioni alikuja kufuturu nasi, akakaa upande wa pili wa sinia, ng'ambo ya wifi, binti yake kati yao, na mazungumzo baina yao wawili yakaanza kidogo kidogo.