Hakufunguliwa Mlango

Tulikuwa watano ukumbini, shambani kwetu Unguja: bibi yangu mzaa baba, wageni wake wawili, mimi mtoto wa miaka saba, na yaya aliyenilea, ambaye alizaliwa mtumwa katika nyumba yetu. Majina yao yote ninayo, nimeyaacha makusudi.

Jana, hapa Ibra, ng'ambo tulikohamia, wajukuu walitia karafuu kwenye kahawa, tukatazama filamu ya rais aliyekomesha utumwa. Anatia saini, watu wanalia kwa furaha, basi, wamekuwa huru. Ile harufu ikanirudisha kwa yaya, amekaa mkekani anachambua karafuu.

Bibi aliwaambia wageni, "Huyu tulimwacha huru sisi wenyewe. Haya, njoo unibusu mkono, wageni waone."

Yaya hakuinuka. "Mikono yangu ina kazi, Bi Mkubwa. Na hamkuniacha. Babako alinifungia mlango, nikatokea dirisha la jikoni, nikenda kwa miguu mpaka kortini kudai karatasi yangu ya uhuru."

Mgeni mmoja akacheka, akamwambia Bibi, "Leo umepatikana, shoga!"

Bibi akaniita nikae kwake. Nilikaa mkekani, nikachambua karafuu na yaya. Nilipigwa kwa hilo.

Mwanangu ananambia, "Mama, hayo tusiyaseme, watu watasikia." Nawasikie! Rais wa watu simjui, yaya namjua. Kama nimekosea, anayekumbuka vyengine anisahihishe, lakini kwanza anambie ni nani katika ukoo wetu aliyemfungulia mlango.