Sponji na Kabichi Zake

Shemeji yangu, yule mshona makochi ambaye mtaa mzima humwita Sponji, alikuwa mtu wa nyama tangu nilipoolewa katika nyumba yao. Majani, alikuwa akisema, Mungu aliyaumba kwa ajili ya mbuzi, halafu akamuumba mbuzi kwa ajili ya watu wenye meno. Aliyapenda sana maneno hayo. Aliyarudia kila nilipopita mlangoni pa karakana na kapu langu la mboga, na seremala wake akacheka kila mara, maana kibarua asiyecheka utani wa tajiri anajitafutia safari.

Mtu huyo huyo leo anakula kabichi mchana na jioni, na anahubiri. Acha nieleze ilivyokuwa, kwa sababu yeye akieleza huruka kila mahali nilipo mimi.

Ua wetu ni mmoja. Mbele, upande wa barabara, kuna karakana. Nyuma kuna vyumba, katikati bomba la maji, na pembeni choo chenye mlango wa bati. Karakana ile ilianzishwa na mume wangu. Yeye alipima, akakata sponji na kupigilia. Mimi nilikaa kwenye cherehani ile nzito ya kushonea turubai na ngozi, nikashona vitambaa vya makochi mpaka vidole vikaota sugu, na asubuhi na jioni nikauza mboga langoni. Sponji alikuja baadaye, baada ya kushindwa kila kazi aliyoigusa, na kaka yake akamfundisha kushika nyundo bila kujiponda. Kazi yenyewe hakuijua vizuri. Kochi lake unalikalia kwa raha siku za mwanzo, baadaye makalio yanakutana na mbao. Jina lake lilitokea hapo.

Mume wangu alikufa kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa akisimama chooni muda mrefu, mkojo ukitoka matone matone kama bomba lililoharibika koki, na nikimuuliza anasema ni baridi. Wanaume wa nyumba ile wote ugonjwa wao ni baridi. Tulipofika hospitali, ugonjwa ulikwishahamia kwenye mifupa. Nikamgeuza kitandani, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko, mwisho nikamzika.

Udongo wa kaburi haujakauka, Sponji akakaa kwenye kiti cha kaka yake.

"Shemeji," akaniambia, "wewe tunakuheshimu. Lakini vyombo vya kazi ni mali ya ukoo."

"Ile cherehani nimeikalia mimi," nikasema.

"Kukalia si kumiliki."

Wazee wakatikisa vichwa, chai ikanywewa, ikaisha hivyo. Huo ukoo uliorithi cherehani ulikuwa na tumbo moja tu, la kwake. Mimi nikabaki na chumba changu, kisu, na meza ya mboga kando ya lango. Mtu aliyeniita shemeji alinila kama mchwa, kimya kimya, huku nje mbao inaonekana nzima.

Sasa ikaja redio. Mchana mmoja, redio ya karakana ilikuwa na kipindi cha afya. Mtangazaji akasema kabichi, brokoli, koliflawa na figili ni mboga za jamii moja, na kwamba ndani yake mna viambato ambavyo watafiti wanavichunguza, huenda vikasaidia kuzuia saratani ya tezi dume. Nilikuwa mezani kwangu nikisikia yote. Sponji naye alisikia kabichi, akasikia kuzuia. Lile neno "huenda" lilimpita.

Jioni ile mkewe akaja mezani. Mkewe ni mwanamke mpole, sina ugomvi naye.

"Dada, nataka kabichi."

"Una wageni?"

"Ni za huyu bwana. Anasema anajikinga."

"Na mbuzi tutampa nini?"

Akacheka kwa kuficha mdomo, akachukua mbili.

Mkewe aliichemsha kabichi tangu jua halijapanda mpaka mchana. Ikawa rangi ya maji ya kufulia. Maji akayamwaga, makapi akampa mumewe, naye akayameza amefumba macho kama mtoto anayepewa mwarobaini. Harufu ikatanda ua mzima. Seremala akavumilia, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Bosi," akasema, "mteja ameuliza kama haya makochi tunayachovya kwenye supu."

"Wewe cheka. Siku tezi ikikubana utanitafuta."

"Nitakutafutia wapi bosi? Nitafuata harufu tu."

Mimi sikucheka. Kazi ya mboga zangu huanza alfajiri. Nazisafisha pale bombani, na bomba liko hatua chache kutoka chooni. Kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa nikimsikia Sponji nyuma ya bati. Anaingia, anasimama, kimya. Anaguna. Tone. Kimya tena. Tone. Anatoka, na kabla sijamaliza fungu moja anarudi. Sauti ile naijua kuliko sauti ya mama yangu. Nililala nayo miaka ya mwisho ya ndoa.

Ningeweza kunyamaza. Nasema wazi kwamba nilinyamaza siku kadhaa na usingizi ulikuja vizuri tu. Nilijiambia, huyu alipewa macho, alimwona kaka yake akiyeyuka kitandani, na hospitali haijahama. Kama anaona kabichi ni kinga dhidi ya kwenda kupimwa, mimi ni nani nimnyang'anye kinga yake?

Kilichonifungua kinywa ni ulimi wake mwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya mkono wa kochi, wateja wawili wamemzunguka, bakuli la kabichi gotini, anafundisha.

"Marehemu kaka yangu," akasema, "alikuwa mbishi wa mboga. Angekula majani kama ninavyokula mimi, leo tungekuwa naye."

Nikaweka kisu chini. Nikaenda mpaka mlangoni.

"Alikula," nikasema.

"Shemeji, tunazungumza wanaume."

"Alikula kabichi zangu zote zilizobaki mezani. Kabichi isiyouzika jioni nani alikuwa anaila, si yeye? Miaka yote ya ndoa. Alikula zilizopikwa, alikula mbichi zilizokatwa na chumvi. Na alisimama nyuma ya bati anaguna, kama unavyoguna wewe kila alfajiri."

Nyundo ya seremala ikakaa hewani. Wateja wakaanza kukagua kitambaa kwa bidii kubwa.

"Mwanamke mzima," Sponji akasema, "unawasikiliza watu chooni?"

"Bati halina siri. Nenda ukapimwe."

Akaninunia. Tena akamkataza mkewe kununua kwangu, akamtuma kwa muuza mboga wa ng'ambo ya barabara, na kabichi za ng'ambo akazibeba mwenyewe kifuani, akipita mbele ya meza yangu polepole ili nizione vizuri. Niliziona. Zilikuwa na wadudu.

Lakini neno langu lilikwisha mwingia. Bakuli lilianza kurudi nusu. Asubuhi moja akaja mezani peke yake, akachukua kabichi, akaibonyeza, akairudisha, akachukua nyingine.

"Utainunua au unaipapasa?" nikamuuliza.

"Ile hospitali mliyokwenda na kaka," akasema, bila kuniangalia, "mtu anaingilia mlango gani?"

"Mkeo akupeleke."

"Huyo atalia."

"Seremala."

"Huyo atacheka." Akaigeuza kabichi mikononi. "Umeniharibia chakula, shemeji. Tangu uliposema kaka alikula, kila nikitafuna naona uso wake."

Nilimtazama. Shati lilikuwa limemlegea shingoni. Ningekuwa mwema ningesema, twende ndugu yangu. Wema wangu waliubeba pamoja na cherehani.

"Nitakupeleka," nikasema. "Milango yote naijua, na foleni zake. Lakini kwanza cherehani yangu irudi chumbani kwangu."

"Shemeji, hilo ni jambo la ukoo, tutakaa na wazee."

"Basi ukoo ukupeleke hospitali."

Akairudisha kabichi mezani. Kisha akasema, "Sawa. Seremala akija ataibeba."

"Utaibeba wewe."

"Chuma kile? Mtu mgonjwa?"

"Mgonjwa nani? Mimi najua unakula kabichi."

Akaibeba. Kichwa cha cherehani akakiweka begani, akavuka ua mzima akihema, mkewe akamshikia mlango wangu, kisha akarudi kuchukua meza yake na pedali. Seremala aliingia langoni wakati huo, akasimama, akataka kusema kitu. Nikamtazama. Akakumbuka amesahau msumeno nyumbani.

Hospitali tulimkuta daktari mwanamke, tena kijana. Sponji akanong'ona kuniuliza kama hakuna daktari mwingine, mwanamume.

"Wapo," nikamwambia. "Na wao wanapima kwa kidole."

Daktari akamuuliza habari za mkojo, akaandika. Akauliza, "Katika familia, kuna baba au ndugu aliyewahi kuugua saratani ya tezi dume?"

"Hakuna," Sponji akasema.

Nimeishi na watu waongo, lakini mtu kumfuta kaka yake mbele ya mjane wake, hilo nililisikia mara ya kwanza siku ile.

"Yupo," nikasema. "Kaka yake, tumbo moja. Mimi ndiye niliyemzika."

Daktari akaacha kuandika, akamtazama vizuri. Akasema mwanamume mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo yuko kwenye hatari zaidi kuliko wengine, naye hapaswi kungoja dalili, alitakiwa kuja zamani. Akaagiza damu itolewe. Kisha nikatolewa nje, na mlango ukafungwa. Alipotoka, Sponji alikuwa amenyooka kama ubao wa kochi, na hakukaa kwenye benchi.

Tuliporudi ndani hakuuliza kuhusu damu. Aliuliza kuhusu kabichi.

Daktari alikuwa na subira ambayo mimi sina. Alisema ndani ya jani la mboga za jamii ile mna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali, kama majirani waliotenganishwa na ukuta. Ukilikata jani au kulitafuna, ukuta unabomoka, vinakutana, na hapo ndipo kiambato kinapozaliwa. Akakitaja jina, refu kama treni ya mizigo. Maabarani kimeonekana kuzipunguza kasi chembe za saratani. Lakini kwa watu, alisema, tafiti nyingine zimeona walaji wa mboga hizo huugua mara chache kidogo kuliko wengine, nyingine hazikuona tofauti. Na ukiichemsha kutwa, sehemu kubwa unaiua na kuimwaga na maji. Ikatwe, iachwe kidogo, ipikwe upesi.

"Ni chakula kizuri, ule," akasema. "Ila kabichi haipimi damu, wala haitibu aliyekwisha ugua."

"Kwa hiyo kabichi ni nzuri," Sponji akasema.

"Ni nzuri."

Akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi.

Majibu ya damu yalikuwa mabaya. Wakachukua vijinyama vya tezi, wakapima, wakakuta saratani. Ila ilikuwa bado imejifungia ndani ya tezi, haijaanza kutembea. Daktari alisema amewahi. Alipasuliwa, akalala, akauguzwa na mkewe, akarudi karakana mwembamba mwenye mkogo uleule.

Na sasa umsikie. Anakaa juu ya mkono wa kochi, anawaambia wanaume, "Mimi kilichoniokoa ni kabichi. Daktari mwenyewe alikubali." Kaka yake hamtaji, kwa kuwa kaka aliyekula kabichi akafa anaiharibu hadithi. Mimi sitajwi kabisa. Seremala siku hizi hupigilia misumari kwa nguvu hadithi ikifika hapo.

Wanaume wanatoka kwake moja kwa moja mpaka mezani kwangu. "Mama, nipe ile dawa ya Sponji." Nawauzia, kabichi ni kabichi. Lakini nikifunga mfuko namuuliza kila mmoja, baba yako aliugua nini, kaka yako je, na umepimwa lini. Wengine wanacheka. Wengine wanauchukua mfuko bila kungoja chenji.

Nyuma ya meza, chumbani, cherehani yangu inafanya kazi. Karakana haina ya kushonea ngozi, hivyo juzi Sponji mwenyewe alikuja amekumbatia mto wa kochi uliopasuka, akasimama mlangoni.

"Shemeji, nishonee hapa haraka, mteja anangoja."

"Weka pale," nikamwonyesha kwa kidole, chini ya kazi za watu waliotangulia.

Akaweka. Kisha akaaga anawahi, maana tangu apasuliwe mkojo haumngoji, na nikasikia bati la choo likifungwa.