Figo ya Etyang na Chungu cha Wakwe

Siku ile ya mahari tulikuwa sisi: mimi Skolastika, ambaye nyumbani huniita Skola, mdogo wangu Etyang, aliyekuja kuoa, mdogo wetu wa mwisho Amoit, aliyebeba kikapu changu, na baba mdogo Okisai, msemaji wetu kwa kuwa baba yetu hayupo. Upande wa wenyeji alikuwako Agnes, msichana tuliyemwendea. Baba yake, mzee mpole ambaye hasemi jambo mara mbili. Na shangazi yake Perpetua, ambaye husema mara tatu. Katekista wao alikuwako pia. Aliomba kabla ya chungu cha pombe kuletwa, akaondoka kwenda maziko.

Nawataja wote kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kusimulia siku ile, na nyingine nimezisikia sokoni Amagoro zikiwa zimetiwa chumvi. Hii ni yangu. Nimeiandika kwa ajili yenu mnaoanza kumeza dawa za kushusha kinga ya mwili. Kliniki watawafundisha kujikinga na vidudu. Hawatawafundisha mtafanya nini na watu.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa kuku. Wazazi wetu walikufa wakifuatana nikiwa darasa la saba, na sikurudi shuleni. Alfajiri nilivuka mpaka pale Malaba, nikanunua kuku wa kienyeji vijijini upande wa Uganda, nikawarudisha ndani ya matenga kwa baiskeli. Siku za soko niliwafikisha hadi Bumala. Nilinuka kuku kanisani, nikanuka kuku kitandani. Kwa kuku hao Etyang alimaliza kidato cha nne akawa fundi wa umeme, na Amoit akajifunza kushona. Katika ukoo hakuna aliyetusaidia ila baba mdogo Okisai, ambaye mara nyingine alileta gunia la mihogo, na mara zote aliwakumbusha watu kwamba alileta.

Ugonjwa ulianza usoni. Naamka macho yamevimba, jioni uvimbe umeshuka miguuni. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo ulitoa povu kama maji ya kufulia. Nilinunua dawa za malaria, kisha za homa ya matumbo, kisha za malaria tena. Mwenzangu wa sokoni akaniambia, "Skola, umenenepa, biashara imekubali." Nikacheka naye. Nilikuwa nimejaa maji.

Halafu nikaanza kutapika. Mdomo ukawa na ladha ya msumari. Ngozi iliwasha nikaikuna hadi damu. Sikuweza kulala chali, kwa sababu nilipumua kama mtu anayezama. Etyang alinibeba mgongoni hadi barabarani. Daktari kule Busia alisoma majibu ya damu, kisha akaniangalia.

"Mama, figo zako zote mbili zimeisha nguvu. Ulikuwa na presha ya muda mrefu, hukujua?"

Sikujua. Nani angenipima presha, kuku?

Nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilikwenda mara mbili kila wiki, na kila mara nilitoka pale nimekauka kama omena iliyoanikwa. Ndipo Etyang akasema atanipa figo yake moja. Baba mdogo akaja nyumbani amefura.

"Huyu kijana hajaoa. Mnataka kumkata kabla hajazaa?"

"Baba, figo si ya kuzaa," Etyang akamjibu. "Na kuku wa Skola wamenilisha miaka yote. Wewe hesabu figo ni kuku mmoja."

Tulipasuliwa Eldoret siku moja. Nilipozinduka niliona mfuko kando ya kitanda unajaa mkojo, mkojo wangu mwenyewe, wa njano, bila povu. Niliulilia mkojo kama mtu anavyomlilia mtoto aliyerudi. Chumba cha pili Etyang alikuwa akiumia kuliko mimi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba anayetoa huumia kuliko anayepokea.

Kabla ya kuondoka, nesi alinikalisha na dawa zangu. "Wewe ni mtu wa Malaba, sindiyo? Basi sikia. Hii dawa inaondoa askari mpakani. Lazima waondoke, maana wakiiona figo ya ndugu yako watasema ni mgeni, watampiga. Lakini mpaka ukiwa wazi, hakuna anayeulizwa kitambulisho. Kila kidudu kinapita."

"Mpaka lini?"

"Maadamu figo iko ndani, dawa iko. Siku utaacha, figo nayo inaanza kufa."

Kuku waliondoka kwanza. Daktari alisema vumbi la kinyesi chao, matenga yao, mikwaruzo ya kucha zao, vyote si vyangu tena. Nilimwuliza nitakula nini. Akasema, "Kuku unaweza kula, mama, akiiva vizuri. Kumfuga na kumshika ndiyo hapana." Hakuelewa swali. Sasa nauza sabuni na chumvi kwenye kibanda cha mabati, nikiwa nimekaa nyuma ya dirisha.

Nilijifunza kuchemsha maji ya kunywa hata yale yanayoonekana safi. Niliacha kachumbari, maziwa mala na mayai yenye ute. Parachichi naliosha kabla ya kulimenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Shambani naingia na viatu na glavu. Mtoto wa jirani alipopata tetekuwanga nilifunga mlango wangu kama mwenye deni. Matangani nasimama nje ya hema na barakoa yangu, nawapungia watu mkono badala ya kuushika wao.

Mambo hayo yote ni mepesi kuyaandika. Lakini kijijini mkono usioshikwa una maana yake. Wengine walisema naringa. Wengine waliniona nikimeza vidonge asubuhi na jioni saa zile zile, wakaamua wanajua nina nini. Mmoja alisema figo ya mwanaume imenipa kiburi cha mwanaume. Hilo angalau lilikuwa jipya.

Kisha Etyang akampata Agnes.

Sisi Wateso tuna ajon, pombe ya wimbi. Chungu huwekwa katikati, hutiwa maji ya moto, watu huketi kukizunguka na kunyonya kwa mirija mirefu. Mrija ukitoka mdomoni mwa mmoja huingia mdomoni mwa mwingine, na huo ndio ujirani. Tulipokwenda kwa akina Agnes mara ya kwanza, kujitambulisha tu, shangazi Perpetua alinipa mrija wake. Nilikuwa nimekaa mahali pa mama yetu. Nilimwona Etyang amekaa wima kama mtoto siku ya mtihani. Nikavuta mara mbili, nikaurudisha.

Baada ya siku chache tumbo likafunguka. Nilikwenda chooni mpaka nikawa natoa maji matupu. Mdomo ukatoka vidonda. Mwili ulipata joto kidogo tu, nikajiambia ni uchovu, nikameza panadol nikalala. Hapo ndipo nawasihi mnisikie. Dawa zetu huificha hata homa. Amoit alinikuta sakafuni, akampigia Etyang, ambaye alikuwa akitandaza nyaya kwenye nyumba fulani Nambale. Alikuja na gari la kukodi, nguo zina saruji.

"Umekaa nyumbani na homa?" daktari akaniuliza.

"Ilikuwa ndogo, daktari."

"Kwako wewe hakuna ndogo."

Nililazwa muda mrefu. Figo iliyumba, mkojo ukapungua, nikavimba tena uso kama zamani. Nilipona, lakini figo haikurudi ilivyokuwa. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni chungu. Huenda ni maji, huenda ni mkono wa mtu. "Lakini mrija wa midomo mingi, hapana tena. Mara nyingine kama hii sikuahidi kitu."

Siku ya mahari ilipokaribia nilimwita baba mdogo. Kwetu mtu hawaendei wakwe na habari zake mwenyewe. Maneno hubebwa na msemaji. Na nilijua ukoo wa Agnes una jambo lao: shangazi wa binti hunywa kwanza, kisha humpa mama wa kijana mrija ule ule, na akinywa amempokea binti. Nikamwambia baba mdogo aende mapema, awaeleze kila kitu, figo, dawa, kulazwa kwangu. Awaombe nipokee chungu kwa mikono, mahali pa kinywa. Alikwenda. Aliporudi akasema, "Yameisha."

Mimi nikaelewa kwamba amesema.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka chungu kikaletwa. Perpetua alivuta, akafuta midomo, akaninyooshea mrija. "Mama Etyang, pokea binti."

"Shangazi, nampokea kwa mikono miwili. Kunywa siwezi, kama baba mdogo alivyowaeleza."

"Alitueleza nini?"

Tukamtazama Okisai sote. Yeye alitazama viatu vyake. "Ni tumbo tu," akasema. "Leo tumbo linamsumbua kidogo."

"Tumbo?" Perpetua akacheka. "Kwani dawa ya tumbo si hii? Maji yake yamechemka, mama. Hata kidudu cha Kampala kinakufa humu."

Watu wakacheka. Ikabidi nianze mwenyewe, mbele ya chungu, kueleza figo na dawa. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kilichosikika kilikuwa kisingizio, maana tayari palikuwa na tumbo mbele yake.

"Lakini juzi ulikunywa hapa hapa," Perpetua akasema. Hakucheka tena. "Midomo yetu leo imeota nini?"

"Nilikunywa, shangazi. Nikalazwa."

Sikujua nimesema nini hadi nilipoona nyuso zao. Baba yake Agnes aliinua kichwa. "Umesema chungu chetu kilikulaza?"

Kwetu neno hilo lina jina lake, na jina hilo ni sumu. Nilijaribu kulirudisha. "Mzee, si hivyo, ni mwili wangu." Perpetua alikuwa ameshaanza kuwaambia wanawake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwamba nimewaita wachawi uani kwao. Agnes alikuwa amesimama mlangoni na leso mkononi. Nikaona njia ni moja. Nikanyoosha mkono nipokee mrija.

Etyang alisimama. Aliutwaa kabla haujanifikia, akaurudisha chunguni taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha wenyewe.

"Dada hanywi," akasema.

"Basi Agnes haendi," baba yake akasema.

Nimewaambia kwamba mzee huyo hasemi mara mbili.

Njiani nilimuuliza baba mdogo kwa nini. "Ningesema nini kwa wakwe, Skola? Kwamba nyumba yetu iko na mtu amekatwa akaunganishwa? Wangeuliza, na kijana amebaki na ngapi? Nilikuwa nawafichia."

Hadi leo namwamkia, nampelekea sukari, na sijamsamehe. Naandika hivyo kwa sababu mmezoea shuhuda zinazoishia na kusamehe.

Agnes ameolewa kwingine. Juzi tulikutana sokoni Amagoro, ana mimba kubwa. Alininyooshea mkono, akakumbuka, akaurudisha na kunipungia. "Dada, unaendelea?" Nikamwambia naendelea. Katika ukoo wote ule ni yeye peke yake aliyenielewa, naye hakuulizwa.

Namshukuru Mungu kwamba mkojo wangu unatoka. Nawashukuru madaktari na yule nesi wa mpaka. Nanyi mnaoanza, chemsheni maji, naweni mikono, homa ikija msiipime kwa mazoea yenu ya zamani, nendeni siku hiyo hiyo. Na semeni mapema, kwa kinywa chenu, hata kama mila inasema ni cha mwingine. Ugonjwa wako usimpe kuubeba mtu anayeuonea haya. Ataufikisha ukiwa umebadilishwa jina.

Etyang hajaoa. Anafanya kazi Bumala, na kila jioni hunipigia simu.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Haya, lala."

Hajawahi kumtaja Agnes. Ningefurahi angenitukana hata siku moja, nipate kujua ukubwa wa ninachodaiwa. Figo aliihesabu mwenyewe kuwa kuku mmoja, ili nisijione mdaiwa. Agnes ni kuku wangapi, Etyang hajaniambia. Na kuku, kama mlivyosoma, siruhusiwi tena kushika.