Magadi ya Bure

Niling'oa maharage yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, hayajatoa hata ua. Majani yalikuwa yameungua pembeni kama yamepitishwa motoni. Nusu eka pale Nduruma, aliyoniachia marehemu mume wangu, niliimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Na mwanzoni tulishangilia, sifichi. Ule utando mweupe ulipoanza kutokea juu ya udongo tuliuita magadi. Tuliukwangua kwa kijiko tukalainishia makande, mwingine ng'ombe wakalamba. Jirani akawa ananitania: "Mama, wewe Mungu anakupenda, duka limekufuata shambani!" Nikamjibu, "Lete bakuli basi, acha wivu."

Msimu uliofuata mahindi yakadumaa. Nikamwita bwana shamba. Hata pikipiki hakuizima. "Ongeza maji, mama, hiyo ni kiu." Nikaongeza. Yalikuwa maji ya kisima kirefu, maana ya mfereji kutoka mlimani yalishaacha kutufikia. Nikapanda maharage, ndiyo hayo niliyoyang'oa.

Baadaye akaja dada mmoja wa chuo, anapima maji ya visima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba jembe, akachimba mwenyewe. Shimo halijafika magotini, maji yakachuruzika. Nikaonja. Machungu.

"Maji ya kisima yana chumvi tangu huko chini," akasema. "Yakipata pa kutokea yanaondoka nayo. Yasipopata yanasimama humu, jua linayavuta juu, yanakauka, chumvi inabaki. Mtaro wenu wa kutolea maji uko wapi?"

Nikamwonyesha ukuta wa shamba kubwa la maua linalopakana na letu. Mwenye shamba hilo alipoujenga aliufukia mtaro wetu, na mwenyekiti wa kijiji akasimama palepale akatuambia ni maendeleo. Tukapiga makofi.

"Na yale maji niliyoambiwa niongeze?"

Akatazama chini. "Yalizidisha, mama."

Siku hizi nakaa Moshono kwa binti yangu, nauza ndizi. Nimeishia darasa la nne, lakini hesabu ya watu watatu haihitaji shule. Mwenye shamba la maua, mwenyekiti, bwana shamba: nawataka pale kwenye nusu eka yangu, mchana, watu wote wakisikia. Semeni nani alitoa ruhusa mtaro ufukiwe, na nani anaufukua.