Meno Mawili ya Mama Mkasi

Mama Mkasi ana mkasi mzuri wa chuma, lakini huo ni wa kitambaa. Uzi anaukata kwa meno. Anamaliza pindo, anainama, anauma, kisha anatema kijiuzi pembeni. Hakuna mtu mtaani kwetu anayevaa nguo isiyo na mate yake, kuanzia sare za shule hadi joho la kiongozi wa kwaya, na hakuna anayelalamika, kwa sababu nguo aliyoshona yeye inakukaa.

"Fundi, si utumie mkasi?" wateja wageni humuuliza.

"Niuweke, niuokote, niuweke, niuokote? Meno yako palepale."

Yako palepale, ndiyo, ila yamepungua. Taya la juu lilikuwa limebakiwa na matatu tu: mawili ya mbele, yale ya kazi, na gego moja la kushoto. Mengine yalikwenda na serikali. Ipo bima ya meno ya kaya zenye kipato cha chini, na Mama Mkasi anayo kadi yake, safi, ndani ya nailoni. Jino likitoboka, kadi inalipia kung'oa. Kuziba hailipii. Ukitaka kuziba, toa mfukoni mwako, na mwenye mfuko wa namna hiyo hapewi kadi. Hivyo kila kijitundu ambacho kingezibwa kabla chai haijapoa kiliishia kwenye ndoo, pamoja na jino lake.

Sasa gego nalo likaanza. Shavu likavimba, na harufu ikawa inamtangulia mlangoni. Mdogo wake, kinyozi wa kibanda cha pili, akashindwa kuvumilia.

"Dada, kuna panya amekufia humo ndani. Funga cherehani twende."

Kliniki ilikuwa na benchi refu la watu walioshika mashavu kama waliopigwa kofi na mtu mmoja. Ukutani palibandikwa picha ya familia ikicheka, kila mtu na meno yake yote, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwahi kushika kadi kama ile. Chini ya picha ilikaa ndoo ya pamba zenye damu. Nzi walikuwa wanahudumiwa bila foleni.

Daktari wa meno, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alichungulia, akagonga, akatabasamu.

"Mama, hili linazibika. Mzizi wake mzima kabisa."

Mama Mkasi nusura amkumbatie. Lile gego ndilo pekee la juu lililokuwa linamtafunia.

Furaha ikafia dirishani, kwa karani wa bima.

"Kadi yako haizibi, mama. Inang'oa."

"Mwanangu, daktari kasema jino ni zima."

"Basi litang'oka vizuri."

"Nikishang'oa nitatafuna na nini?"

Karani akafungua droo, akatoa seti ya meno ya bandia ya mfano, meupe kama vyombo vya harusi, akaiweka mezani. "Haya tunatoa bure. Ila taya liwe tupu. Mapengo ya hapa na pale hatulipii. Wewe bado una mawili mbele."

"Hayo mawili hayana hata doa!"

"Ndiyo tatizo lake."

Kinyozi akamvuta dada yake pembeni. "Ng'oa yote, dada! Utacheka kama mtangazaji wa televisheni. Kitu cha bure hicho, wewe unaleta maringo na mameno mawili kama sungura?"

Alimshawishi hivyo mpaka Mama Mkasi akajikuta kwenye kiti, kichwa nyuma, ile seti ya mfano mkononi. Daktari aliandaa sindano ya ganzi huku akitazama dirisha, sakafu, popote pasipokuwa na uso wa mgonjwa.

"Subiri kwanza," alisema Mama Mkasi.

Kwenye kola ya gauni lake huwa kuna sindano yenye uzi. Akauchomoa uzi, akauweka kati ya meno ya bandia, akayabana kwa vidole, akavuta. Uzi ukateleza. Akabana kwa nguvu zaidi. Ukateleza tena, mzima, ukiwa umelowa jasho tu.

"Daktari, haya nikiyavaa yatakata?"

"Hayo ni plastiki, mama. Ni ya kutafunia vitu laini."

Akautia ule uzi mdomoni mwake, akauma. Vipande viwili vikaanguka mapajani.

"Toa gego. Haya mawili usiyaguse."

Gego likatoka likiwa na mzizi wake mzima, kama daktari alivyosema, likalia kwenye ndoo. Kadi ikalipia. Toka siku hiyo Mama Mkasi analoweka mkate kwenye chai na kuumeza kama dawa.

Juma lililofuata, karani wa bima alisimama verandani kwake, kajifunga sweta kiunoni, suruali kaivua, kaishika mkononi. Hakumkumbuka fundi, dirishani anaona vinywa tu.

"Mama, kiraka kidogo hapa nyuma. Imetoboka nikiwa kazini."

"Sizibi," alisema Mama Mkasi. "Ichane yote kwanza, ibaki kamba. Nitakushonea mpya."

Karani akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi. Humo ndani kila gego lilikuwa limezibwa, kazi nadhifu, haina mshono.

"Na hayo uliziba wapi?"

"Palepale kwetu. Bima ya watumishi inaziba." Ndipo akaitambua sauti, na kicheko kikamkauka. "Mama, mimi situngi sheria."

"Wala mimi sikutoboa suruali."

Akamrudishia nguo yake. Karani akaivaa na tundu lake, akakaza sweta kiunoni, akaondoka akitembea kiupandeupande, mgongo ukutani. Mama Mkasi akarudi kwenye sare ya mtoto wa shule, akamaliza pindo, akainama, akauma, akatema upande aliokwenda karani.