Polisi Anayekimbia Bila Mwizi

Siku ya kwanza Sajini Pheello Ramokone alipofanya mazoezi, kijiji kizima cha Ha Mosala kilitoka na fimbo.

Alikuwa amechagua asubuhi nzuri, jua limeshapanda juu ya mlima, wazee wanaota joto ukutani. Alivaa viatu vya mpira alivyonunuliwa na binti yake Thato, akaanza kukimbia pole pole kuelekea mtoni. Hakufika hata kwenye zizi la kwanza. Mzee Mokhesi, ambaye kwa kawaida kusimama tu ni kazi ya robo saa, alimwona polisi anakwenda mbio akaruka juu kama kijana wa jando.

"Wezi!" akapiga ukelele. "Wezi wa ng'ombe! Sajini anawafukuza!"

Wee! Mara wachungaji wakaanza kuporomoka kutoka kila upande, mablanketi yanapepea, mbwa mbele. Kijana mmoja mwenye viatu vya mvua alimfikia Pheello wa kwanza, anatweta.

"Wako wapi, Ntate?" aliuliza, yaani baba, kama wanavyowaita wanaume wazima huko.

"Akina nani?"

"Wezi!"

"Hakuna wezi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Kijana akalitazama lile tumbo la sajini, akamtazama usoni, akageukia wenzake. "Jamani, anakimbia bure! Hakuna hata mbuzi aliyepotea!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mokhesi hakucheka, maana alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwa kuruka ukuta wa mawe, na alisema tangu azaliwe hajaona upuuzi wa namna ile. Pheello alirudi nyumbani uso umemshuka. Kuanzia kesho yake akawa anatoka gizani, kabla moshi wa kwanza haujafuka kijijini, na anarudi kabla watu hawajaenda bombani. Hapo ndipo alipokosea, masikini, ingawa ilimchukua muda mrefu kulijua hilo.

Sababu ya yote haya ilikuwa agizo jipya kutoka juu. Kila askari wa doria ya wizi wa mifugo atapimwa: apande mbio ule mteremko ulio nyuma ya kituo, bunduki mkononi, afike juu ndani ya muda, kisha hapo hapo, moyo ukidunda, alenge shabaha. Atakayeshindwa arudishe bunduki, na akishindwa tena ahamishiwe tambarare akakae mezani kuandika taarifa za simu zilizoibwa. Askari walinung'unika. "Tunawinda wezi au tunakwenda Olimpiki?" walisema. Pheello peke yake ndiye hakunung'unika, na hakumwambia mtu kwa nini, hata mkewe.

Ni hivi. Majira ya baridi yaliyopita, yeye na Konstebo Tlotliso waliwafuata wezi waliokuwa wameswaga kondoo kuvuka mto. Farasi walishindwa kwenye mawe, ikabidi wapande kwa miguu. Tlotliso ni kijana, alipanda kama mbuzi. Pheello alifika katikati ya mteremko pumzi ikakata. Akasimama, mikono juu ya magoti. Kutoka juu alimsikia mwenzake anaita, "Njoo, Ntate Pheello, njoo!" Akainua bunduki ili angalau amlinde kutoka pale pale, lakini kifua kilipanda na kushuka, mtutu ukacheza huku na huku, hakuthubutu kufyatua asije akampiga kijana wa watu. Kisha mlio ukasikika. Tlotliso alipigwa risasi ya paja. Hakufa, ashukuriwe Mungu, ila mpaka leo anachechemea. Kituoni alisema ni bahati mbaya, wezi walijificha nyuma ya jabali. Hakusema neno juu ya mtu aliyesimama, na ukimya huo ulimchoma Pheello kuliko lawama.

Kwa hiyo alikimbia. Alipunguza ugali, akaacha nyama ya mafuta, akaacha bia ya mtama. Inspekta Nthabeleng, mama mwembamba mwenye sauti ya kupasua mawe, alikuwa akiwafundisha shabaha kila wiki, na alimwona jinsi anavyohangaika.

"Ukisimama umetulia, Ntate, hakuna anayekushinda hapa," alimwambia. "Ukikimbia kidogo tu, bunduki inacheza ngoma. Haina kosa yenyewe. Toa pumzi yote, subiri, halafu bonyeza kama unamgusa mtoto aliyelala. Usinyakue."

"Pumzi yenyewe siipati, Mme," alijibu, kwa neno la heshima wanalowaitia akina mama huko.

"Basi kaitafute huko huko mlimani. Mimi sigawi."

Akaitafuta, na akaanza kuipata. Tumbo lilirudi nyuma, sare ikamlegea, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Alifurahi kama mtoto. Maskini, hakujua kwamba tundu lile lilikuwa linamuua mkewe.

Mkewe ni Mme Mathato, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kupika. Kule milimani mwili wa mume ndio sifa ya mke. Mume akinenepa, watu husema pale kuna mwanamke. Mume akikonda, ama mke ni mchoyo, ama kuna ugonjwa. Bombani wanawake walianza.

"Mme Mathato, baba hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Mmh."

Hiyo "mmh" aliibeba mpaka nyumbani, nzito kuliko ndoo ya maji. Jumamosi moja akina mama wa kanisani wakaja na blauzi zao nyekundu, bila kualikwa, wakamzunguka Pheello aliyekuwa anasafisha tandiko la farasi, wakamwekea mikono kichwani na kuimba. Yeye alidhani wanamwombea afaulu mtihani, akaitikia amina kwa sauti. Mathato alikuwa jikoni, analia.

Alilia kwa sababu alikuwa na kumbukumbu zake. Aliwazika kaka zake wawili, Sechaba na Moeketsi, na wote walianza vile vile: mkanda unaongezwa tundu, shati linakuwa kubwa, na jibu ni moja, sina kitu, nimechoka tu. Sasa mumewe anaamka gizani kama mwizi, anarudi amelowa jasho, anasema ni mtihani wa kazi. Mtihani gani, mtu amevaa sare tangu kabla Thato hajazaliwa? Aliogopa kuuliza zaidi, asije akajibiwa.

Basi akafanya alichokijua. Akayeyusha mafuta ya kondoo, akayatia kwenye kopo, na kila asubuhi akakoroga kijiko cha kushiba ndani ya uji mchachu wa mtama. Kwenye mboga za majani pia. Pheello akauona uji umekuwa mtamu ajabu, akaomba aongezwe. Na mwili ukarudi. Alikimbia zaidi, ukarudi zaidi. Lile tundu la msumari likabaki bila kazi. Kwenye mteremko akaanza tena kusimama, na moyoni akasema huenda Mungu hataki.

Wiki moja kabla ya mtihani, alikuwa ameshatoka akakumbuka kofia yake ya sufu. Aliporudi ndani alimkuta mkewe na kopo mkononi, kijiko kinadondoka.

"Ni nini hicho?"

"Uji wako."

"Na hilo kopo?"

Mathato akalitazama kopo, akamtazama yeye, akainua kidevu. "Mafuta ya kondoo. Kila siku. Haya, nipige pingu."

"Mungu wangu! Mimi nakimbia roho inataka kutoka, wewe unanirudishia kwa kijiko?"

"Ndiyo, nakurudishia! Ulitaka nikae nikuangalie unayeyuka? Nilimwangalia Sechaba. Nilimwangalia Moeketsi. Nimechoka kuangalia! Kama unaumwa niambie, twende zahanati pamoja, tujue moja. Lakini usinifanye mimi mjinga ndani ya nyumba yangu. Mtu asiye na kitu anajificha nini gizani?"

"Siumwi, Mathato."

"Hata wao walisema hivyo."

Pheello akakaa kwenye kigoda, kofia mapajani. Akamsimulia mteremko ule wote, kuanzia farasi waliokataa mawe mpaka mlio wa bunduki. Alipofika pale Tlotliso alipoita, alirudi nyuma akaanza upya.

"Ulisimama," alisema Mathato taratibu.

"Nilisimama. Na kila nikilala namsikia ananiita."

Kisha Mathato akachukua kopo, akatoka nje, akawamwagia mbwa. Mbwa walifanya sherehe.

Lakini wiki moja ni wiki moja. Siku ya mtihani ilikuwa baridi kavu, majani yameungua kwa theluji ya jana. Tlotliso, kwa sababu ya mguu wake, hakupimwa. Alipewa saa ya kupimia mbio, akakaa juu kwenye jiwe. Pheello alipita mahali alipozoea kusimama, hakusimama. Alipanda akihema kama farasi mzee, mate yamekuwa machungu, akajitupa kifudifudi mbele ya shabaha. Moyo uligonga ardhi. Akatoa pumzi yote, akasubiri, akabonyeza kama anamgusa mtoto aliyelala. Tena, na tena. Inspekta Nthabeleng alikwenda kuitazama shabaha, akarudi anatabasamu, jambo ambalo si kawaida yake.

Pheello akamsogelea Tlotliso. Kijana alikuwa ameifunika saa kwa kiganja.

"Umefika ndani ya muda, Ntate," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Nionyeshe."

"Kwani huniamini?"

"Nionyeshe, Tlotliso."

Kiganja kikafunguka. Alikuwa amechelewa. "Ni kidogo tu, Ntate," kijana akasema haraka haraka. "Ni kupepesa jicho. Nani atajua? Mimi nisiposema, nani atajua?"

Mara hii ilikuwa ya pili kijana yule anamfichia siri, na wote wawili walijua. Pheello alilitazama paja la kijana, na ile fimbo ya kutembelea iliyolazwa juu ya jiwe.

"Hata siku ile ilikuwa kidogo tu," alisema. "Nilisimama, mwanangu. Sikuteleza, sikupotea njia. Nilisimama wakati unaniita. Kesho nikienda na kijana mwingine je? Taja muda kama ulivyo."

Tlotliso alifuta macho kwa mkono wa koti, akautaja muda kwa sauti, kama ulivyo.

"Mikono imefaulu, miguu imekataa," alisema Inspekta. "Utarudia majira ya baridi yakiisha. Ukishindwa tena, ni tambarare. Bunduki, Ntate." Pheello akaitoa risasi, akaikagua, akaikabidhi. Bega likawa jepesi, wepesi usiopendeza hata kidogo.

Mathato alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Umefaulu?"

"Shabaha nimefaulu. Mbio nimeshindwa, kidogo tu."

Mwanamke akashika nguzo ya mlango. "Hicho kidogo ni changu," alisema. "Ni kijiko changu." Pheello hakumkatalia, maana ilikuwa kweli, lakini alimshika mkono na hakuuachia mpaka chakula kilipoanza kuungua.

Kesho yake aliamka gizani kama kawaida, akaanza kupapasa viatu. Mkewe akalivuta blanketi lake. "Unakwenda wapi saa hizi? Umeiba? Lala."

Jua lilipotoka, Mathato alivaa blanketi lake la Jumapili, akalifunga kwa pini kubwa, akatangulia barabarani. Alitembea katikati ya kijiji kwa hatua ndefu, mkono kiunoni, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya mto.

"Tulieni, jamani! Hakuna wezi! Huyo ni mume wangu, anakuja nyuma yangu anakimbia! Haumwi! Anakula, anashiba, na anakimbia! Mwenye swali aniulize mimi, asiulize bombani!"

Wanawake wa bombani wakainamia ndoo zao. Mzee Mokhesi akainuka na fimbo yake. "Hakuna mwizi hata mmoja?"

"Hata mmoja, Ntate!"

"Basi mwambie aongeze mwendo. Hivyo hata kondoo mjamzito hamkamati!"

Kijana mwenye viatu vya mvua akacheka, akajitoa ukutani, akaanza kukimbia pembeni ya sajini, na mbwa wake, na wachungaji wengine wawili ambao hawakuwa na la kufanya. Walikwenda naye mpaka chini ya mteremko, wakamwacha apande.

Katikati, mahali pale pale, pumzi ikakata. Akaweka mikono juu ya magoti. Akainua macho, akaona farasi amesimama juu ukingoni, na mtu juu yake, mguu mmoja umenyooka nje ya kikuku cha tandiko, saa mkononi.

"Njoo, Ntate Pheello!" Tlotliso aliita. "Njoo!"

Pheello akaondoa mikono magotini, akaenda. Alifika anayumba, machozi na jasho havitofautiani, akashika hatamu asianguke.

"Nimefika," alisema.

"Nakuona, Ntate," alisema Tlotliso, na hata saa hakuitazama.